Programu za ujumbe na mikutano kazini: nazipima kwa mtu aliye Tunduma

Nafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Mizigo yetu mingi ni ya transiti. Inashuka bandarini, inapanda malori, inapita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma mpakani, inakata Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, safari ikiishia Lubumbashi. Kontena moja linagusa mikono ya watu waliotawanyika katika nchi tatu, na wote wanatakiwa kujua jambo lile lile kwa wakati ule ule. Hati ikipishana namba na kilichoandikwa kwenye mzigo, lori linalala mpakani, na kila siku linapolala kuna anayelipa.

Kwa kazi hii nimetumia WhatsApp, Slack, Zoom, Google Meet, Google Chat na Microsoft Teams. Zote zinapendeza ukiwa umekaa ofisini Dar, kompyuta imechomekwa kwenye umeme na intaneti ni ya faiba. Mimi nazipima kwa kijana wetu wa Tunduma, ambaye ana simu ya bei ya kawaida, bando la siku na kelele za malori pande zote. Programu ikimfaa yeye, sisi wengine itatufaa tu. Ikimshinda, hata iwe na madoido gani, kwetu haina kazi.

WhatsApp haikuchaguliwa na mtu. Ilikuwa kwenye simu ya kila mmoja kabla ofisi haijafikiria kuchagua chochote, na kwa upande wa madereva sioni itakayoing'oa. Dereva hana muda wa kuandika. Anarekodi ujumbe wa sauti, anautuma, anaendelea na safari. Anaweza kutuonyesha mahali alipo moja kwa moja kwa dakika 15, saa moja au saa nane, kwa hiyo hatumpigii kila mara kumuuliza kama ameshapita mizani ya malori ya Mpemba, karibu na Tunduma. Mtandao ukiwa dhaifu, maandishi bado yanapenya. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku zile mkutano wa video kwetu haukuwezekana kabisa. Ujumbe wa maandishi ulichelewa, lakini ulifika, na mizigo iliendelea kutoka. Tangu hapo sijakubali utaratibu wowote wa kazi unaotegemea video peke yake.

Matumizi ninayoyathamini kuliko yote ni simu ya video fupi kutoka kwenye lori lenyewe. Mwenzetu anasimama nyuma ya kontena, anaisogeza kamera karibu na sili (kifungio chenye namba kwenye mlango wa kontena), anaisoma namba kwa sauti huku mimi nikiilinganisha na iliyo kwenye hati. Kama sili imeguswa, tunaona wote. Kama kona ya kontena imebonyea, mwenye mzigo anaunganishwa palepale naye anajionea. Zamani jambo kama hilo lilizaa mabishano ya siku kadhaa kati ya bandari kavu, dereva na mteja, kila mmoja akisema kontena lilipotoka kwake lilikuwa zima. Sasa linaisha kwa dakika chache. Kumbuka tu kwamba picha ya hati ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na namba ndogo za hati ya shehena zinaweza kusomeka vibaya. Itume kama dokumenti, ibaki ilivyo.

Kinachonikera ni ofisi kuligeuza kundi moja la WhatsApp kuwa kila kitu: jalada, kabati, ubao wa matangazo na baraza la kupongezana sikukuu. Hati ya mteja inafuatwa na pole za msiba, pole zinafuatwa na klipu ya mpira, na jioni mtu anauliza ile hati iko wapi. Kutafuta kunawezekana, ila lazima ukumbuke neno lililoandikwa, na aliyetuma ujumbe wa sauti hakuandika neno lolote. Zito zaidi ni taarifa za watu. Leseni za madereva, pasipoti na namba zao za simu zinatumwa kwenye kundi, zinajihifadhi katika simu za wote, na mfanyakazi akiacha kazi anaondoka nazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mwajiri anayekusanya taarifa hizo anawajibika nazo. WhatsApp husimba mazungumzo mwanzo hadi mwisho tangu 2016, yaani wanaoweza kuyasoma ni wanaozungumza tu, na hilo ni jema sana, lakini usimbaji hauzuii kitu ambacho tayari kimo ndani ya simu ya mtu.

Ndiyo maana tulianza kutafuta mahali pengine pa kazi za ndani. Slack niliipenda mara moja. Kila mzigo unakuwa na chaneli yake, na jibu linakaa chini ya swali lake badala ya kuelea. Tatizo letu na mpango wake wa bure ni kwamba ujumbe unaonekana kwa siku 90 tu. Katika forodha jalada linaweza kufunguliwa upya miezi mingi baada ya mzigo kufika, mamlaka ikitaka maelezo au mteja akidai fidia. Ukitaka kumbukumbu zote unalipia kila mtumiaji kila mwezi, kwa dola. Kampuni kubwa haitaona shida, na ningekuwa huko ningeichagua Slack bila kusita.

Sisi tulikuwa tayari tunalipia barua pepe za kampuni kupitia Google, na Google Chat ilikuja humo humo bila gharama ya ziada. Haina mvuto wa Slack, ila inafanya kazi yetu. Tunafungua chumba kwa kila jalada na kukipa namba ya mzigo na jina la mteja, hati zinakaa kwenye Drive ya kampuni (hifadhi ya mafaili ya Google), na mtu akiondoka akaunti yake inafungwa, hati zinabaki. Jambo la Lubumbashi linajibiwa ndani ya chumba cha mzigo huo, na kijana wa Tunduma akiamka asubuhi anasoma yote kwa mtiririko. Maandishi hayali bando. Kwake huo ndio ukawa mwanzo wa kuwa mfanyakazi kamili kama sisi. Kabla yake alikuwa anapata habari vipande vipande, na mara nyingi kwa kuchelewa.

Kuna jambo la adabu ambalo wauzaji wa programu hizi hawalizungumzii. Kwetu huwezi kumrukia mtu na swali. Unaanza na salamu, kwa mkubwa unatanguliza shikamoo, unaulizia nyumbani. Kwenye simu inakwenda vizuri, lakini kwenye maandishi mtu anaandika "Habari za asubuhi kaka" halafu anasubiri ajibiwe ndipo aseme shida yake, na mwenzake yuko kwenye foleni ya forodha, atajibu baada ya saa mbili. Tulikubaliana kwamba salamu inabaki, na swali linafuata katika ujumbe huo huo: "Shikamoo mzee, poleni na majukumu. Naomba namba ya T1 ya lori lililoondoka jana." (T1 ni hati ya forodha ya mzigo wa transiti.) Heshima haikupungua, na majibu yakaanza kuja haraka.

Mikutano ya video sasa. Mpango wa bure wa Zoom unaruhusu hadi watu 100 kwa dakika 40. Google Meet ya bure inakupa dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Kwa mkutano wetu wa Jumatatu, dakika 40 zinatosha kabisa, na naamini mkutano wa kazi unaozidi hapo ulihitaji kuandikwa kwanza. Kwa sauti, naipa Zoom alama za juu. Uwezo wake wa kupunguza kelele unamfanya mtu wa mpakani asikike hata lori likiunguruma karibu naye. Meet inanifaa kwa urahisi wa kuingia: kiungo kimo kwenye kalenda, na kalenda inamwonyesha kila mtu saa ya kwake. Hilo si dogo kwetu. Lubumbashi na Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mkutano wa saa nne asubuhi Dar kwao ni saa tatu. Tukitaja saa tu kwenye kundi bila kalenda, lazima mmoja akose. Teams naitumia nikialikwa na wateja wakubwa na kampuni za meli. Kwenye kompyuta naingia kwa kivinjari bila kusakinisha kitu, na kwa kazi hiyo imenitosha.

Gharama ya bando inastahili kuangaliwa kwa makini. Zoom yenyewe inaelekeza kwamba sauti peke yake inahitaji kasi ya kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na video ya ubora mzuri ya watu wawili kama kilobiti 600, kwenda na kurudi. Piga hesabu: saa moja ya video inaweza kufika zaidi ya MB 500, wakati sauti peke yake haifiki MB 80. Kwa aliye kwenye faiba, tofauti hiyo haimgusi. Kwa anayenunua bando kwa pesa yake mwenyewe, ni kumkata mshahara kila Jumatatu. Nilisimama kidete ofisini juu ya hili hadi likakubalika: kampuni inawalipia bando walio nje, na kamera si lazima. Anayewasha awashe kwa salamu, kisha azime tuendelee kwa sauti. Wapo mabosi wanaodhani mtu asiyeonekana usoni hafanyi kazi. Kijana aliyezima kamera ndiye aliyeamka alfajiri kuhakikisha lori letu linavuka mapema.

Kitufe cha kunyoosha mkono kilileta mabadiliko ambayo sikuyatarajia. Katika chumba cha mikutano cha kawaida, wadogo husubiri wakubwa wamalize, na wakubwa wakimaliza muda umekwisha. Kwenye skrini mikono inajipanga kwa zamu, na mwenyekiti anaiona. Dada anayeshughulikia nyaraka, ambaye zamani alikuwa ananong'ona baada ya kikao, sasa anasema mbele ya wote kwamba thamani iliyotajwa kwenye ankara hailingani na ile ya tamko la forodha. Wala hajamvunjia mtu heshima, kwa sababu zamu ilikuwa yake.

Kuhusu usalama wa malipo, naomba msomaji anisikilize vizuri. Kazi yetu inapitisha fedha nyingi, na matapeli wanajua. Ujumbe unaosema "tumebadilisha akaunti ya benki, lipeni huku" ni mbinu ya zamani. Watu wengi walikuwa wanasema dawa yake ni kuonana kwa video. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alishawishika kulipa dola za Hong Kong milioni 200 hivi, kama dola milioni 25 za Marekani, baada ya kikao cha video ambamo sura na sauti za wakubwa wake zilikuwa zimetengenezwa kwa akili bandia. Kwa hiyo kuona uso hakutoshi. Sisi akaunti ikibadilika, tunapiga simu kwa namba tuliyokuwa nayo tangu awali, isiyotoka kwenye ujumbe huo, na watu wawili wanasaini kabla senti haijatoka. Hakuna programu itakayokufanyia hilo.

Pia usiiache kumbukumbu yako ndani ya programu moja. Skype ilianza 2003, ikatumiwa na dunia nzima, na Microsoft ikaifunga tarehe 5 Mei 2025. Sisi kila mzigo ukifika, mazungumzo muhimu ya chumba chake yanahifadhiwa kwenye jalada pamoja na hati.

Kwa anayetaka kununua: kama mko wachache na wote mko jengo moja, msilipie chochote. WhatsApp yenye makundi mawili, moja la kazi tupu na jingine la mengineyo, pamoja na Zoom ya bure kwa wageni wa nje, inawatosha. Kama mna watu barabarani au mipakani, tafuteni mahali pa maandishi panapotunza majalada kwa muda mrefu, iwe Google Chat au Slack ya kulipia, na muiache WhatsApp kwa madereva na wateja. Kabla ya kulipa, mpe programu hiyo yule mwenye simu dhaifu kuliko wote na mtandao mbovu kuliko wote, aitumie wiki nzima kwenye kazi halisi. Akirudi na majibu, muulize pia ilikula bando kiasi gani, kisha hicho kiasi kiingizeni kwenye bajeti ya ofisi.