Shina la nyonga la Exeter: chuma hakina neno, tazama mfupa kwanza

Shina hili, yaani fimbo ya chuma ya nyonga bandia inayoingizwa ndani ya mfupa wa paja, lilianza kutumika mwaka 1970 mjini Exeter, Uingereza, kazi ya daktari Robin Ling na mhandisi Clive Lee. Halina kola (ukingo wa kukalia juu ya mfupa), linachongoka kuelekea chini, na hushikwa kwa saruji ya mifupa. Uso wake unang'aa, na si kwa urembo: mwaka 1976 ulifanywa wa kukwaruza, mashina yakalegea zaidi, hivyo mwaka 1986 wakarudi kwenye ung'avu. Likiwa laini huzama milimita 1 hadi 2 ndani ya saruji na kujikaza lenyewe. Kuzama huko kusikutishe kwenye eksirei. Cha kutisha ni mstari mweusi kati ya saruji na mfupa, hasa ukizidi milimita 2 au ukipanuka kila picha.

Kwa mzee mwenye mfupa uliopungua uzito, hili ndilo chaguo letu la kwanza. Saruji huingia kwenye vitundu vya mfupa na kushika siku hiyo hiyo. Shina lisilo na saruji humtaka mgonjwa mfupa unaoota haraka. Likicheza zaidi ya maikromita 150, panaota nyama badala ya mfupa. Mvutaji sigara na anayemeza steroidi kwa muda mrefu wana hatari hiyo zaidi. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji.

Mgonjwa wa selimundu ni kesi ngumu, na huku kwetu Afrika Mashariki si wachache. Nyonga huoza ujanani, kwa hiyo kiungo kitabeba miaka mingi ya kutembea na kufanya kazi. Mfereji wa paja huwa mwembamba na mgumu kama jiwe, saruji haipati pa kuingia, na kifaa cha kuchimbia kinaweza kutoboa ukuta. Hapo tungesita kuupendekeza mfumo huu bila mjadala.

Uzito mkubwa huongeza hatari ya maambukizi, hasa sukari nayo ikiwa juu. Na maambukizi ya polepole hujifanya kulegea kwa kawaida: maumivu ya usiku, jeraha lililochuruzika siku nyingi baada ya upasuaji. Kulegea kwa kawaida huuma hatua za kwanza baada ya kuinuka. Shina huuma pajani, kikombe, yaani sehemu ya nyonga bandia iliyo upande wa fupanyonga, huuma kwenye kinena.

Upande wa daktari, saruji inahitaji nidhamu. Pakiti moja ni gramu 40 za unga, na paja moja huchukua takriban mbili. Mfereji uoshwe kwa maji ya shinikizo, ukaushwe, uzibwe chini, kisha saruji ijazwe kutoka chini kwenda juu kwa bunduki yake na kukandamizwa. Damu ikibaki, hata shina bora litalegea. Na kabla ya kufungua upya nyonga inayouma, pimeni CRP (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini) na mvute maji ya kiungo, mkiyaotesha maabara hadi siku 14 kuona kama yana vijidudu.