TAHADHARI: Shotigani za zamani za mashindano zinazouzwa kama "orijino" Arusha na Moshi

Wakuu, hasa mnaolenga sahani za udongo zinazorushwa hewani,

Kuna muuzaji anazunguka Arusha na Moshi na Browning Superposed kaliba 12, zile shotigani za Ubelgiji zenye mtutu mmoja juu ya mwingine. Kila mteja anapewa stori ileile: ilikuwa ya mzungu wa shamba la kahawa, imekaa kabatini miaka yote, haijaguswa hata skrubu. Halafu anataka advansi siku hiyohiyo, eti kuna mtu wa Nairobi anaisubiri. Rafiki yangu wa Njiro aliniomba niikague kabla hajatoa hela.

Anzeni na choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu unaozuia marisau (vipunje vya risasi) yasitawanyike mapema. Browning waligonga alama za nyota kwenye mtutu, karibu na chemba (pale risasi inapokaa): nyota moja ni fulu, inayobana sana, tatu ni silinda, yaani haibani kabisa. Hii ilikuwa na nyota moja mitutu yote miwili. Nikapima mdomo kwa kalipa, ikasoma milimita 18.4. Kaliba 12 kwa ndani ni kama 18.5, na fulu inatakiwa ibane pungufu ya hapo kwa karibu milimita moja nzima. Choki imechongwa yote, nyota imeachwa imdanganye mnunuzi. Kwenye mchezo wa trapu sahani inakukimbia. Ukiipiga ikiwa mbali marisau yanatawanyika, inapita nzima, na wewe unajilaumu kwamba hujui kulenga.

Kitako nacho kinang'aa vanishi mpya. Nikafungua skrubu za bamba la nyuma, zikatoka zimeliwa na kutu mpaka ncha. Wanaozijua Superposed wanaelewa: mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya vitako vilitengenezwa kwa mbao zilizokaushwa kwa chumvi, na chumvi hiyo inakula chuma kwa ndani huku nje pakionekana safi. Jamaa alipoona bisibisi tu akaanza kufoka.

Kubadilisha bunduki ya mashindano si kosa. Pedi ya raba, kitako kilichokatwa kimfae mpigaji, hata choki kupanuliwa, watu wanafanya kila siku. Ila useme, na bei ishuke. Huyu anataka bei ya orijino kamili.

Anazo pia za Uingereza za mitutu sambamba. Hapo ni suala la uhai. Nyingi zilitoka na chemba za inchi 2½, baadaye mtu akazirefusha ziwe 2¾. Kama hakuna muhuri mpya wa majaribio wa London au Birmingham (alama kwamba mtutu umejaribiwa na ni salama) unaoonyesha kipimo hicho, usiweke risasi za kisasa humo.

Kuhusu karatasi anasema "tutazifuata baadaye". Kataeni. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ukikutwa na silaha bila leseni kesi ni yako. Muongozane naye polisi kwanza, namba ya bunduki ilinganishwe na leseni yake, ndipo muongelee hela.

Aliyekwishatoa advansi aje inbox na namba ya bunduki, twende kuripoti pamoja.