Samaki wakigoma: mshipi asubuhi au taa usiku?

Umefika Kigoma na watoto, mvuvi wa kuwaongoza mmempata, lakini samaki hawali. Mnabaki na njia mbili.

Ya kwanza ni mshipi na ndoano, alfajiri, karibu na miamba ya ufukweni upande wa Katonga. Samaki asiye na hamu ya kula hafukuzi chambo, kwa hiyo mwambie mwongozaji apunguze ukubwa wa ndoano, akate chambo kidogo na kukishusha polepole hadi chini. Tena watoto wasigongegonge mtumbwi! Mkikosa kabisa, maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu kiasi cha kuwaona samaki wadogo wakikwangua ukoga kwenye mawe. Mwanangu wa miaka sita alisahau mshipi wake kwa hilo tu.

Ya pili ni kutoka na wavuvi wa dagaa usiku. Hapa hamna kubembeleza: taa huwavuta dagaa juu, wavu unawazoa, na migebuka, samaki wakubwa kuliko dagaa, huja kuwawinda. Ila angalia mwezi. Ukiwa mpevu, taa hufifia mbele yake na wavuvi wengi hupumzika. Pia ni baridi, usingizi, na chini yenu ziwa ambalo penye kina zaidi hufika mita 1,470 hivi.

Kwa mtoto chini ya miaka kumi nachagua mshipi bila kusita, na jaketi la kuelea avae popote. Usiku wa giza nene, mwachieni bibi watoto, wakubwa mwende kwenye taa.