FreeBSD kwenye studio ya harusi Moshi: uzoefu wangu wa kuendesha seva yangu mwenyewe

Ukipiga picha na video za harusi hapa Moshi, kazi haiishi siku ya kukabidhi. Familia inarudi mwaka unaofuata, au baada ya miaka mitatu. Babu amefariki na wanataka kile kipande alichomuasa mjukuu wake kwenye sendofu. Binti aliye Ujerumani hakupata nafasi ya kuja, naye anataka kuona. Flashi waliyopewa imepotea wakati wa kuhama. Desemba ndiyo usiseme, maana Wachaga wakipanda nyumbani kwa Krismasi, harusi, kipaimara na komunyo vinafuatana wiki hadi wiki. Mwenye studio anageuka mtunza kumbukumbu za watu, apende asipende.

Studio nyingi mjini zinatunza kazi kwenye diski za nje zilizopangwa kabatini, kila moja imebandikwa karatasi yenye majina ya maharusi. Diski moja ikifa, harusi zilizomo zimekufa nayo. Njia nyingine ni kukodi nafasi kwenye kampuni za nje na kulipa kwa dola kila mwezi, ila video za msimu mmoja tu zinajaza TB kadhaa, na kuzipakia kwa intaneti yetu ni kazi ya siku nyingi. Tena tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, napenda mteja akiniuliza picha za familia yake zipo wapi nimjibu: zipo hapa Moshi, kwenye mashine hii, na anayeifungua ni mimi.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyotumika, ya kawaida kabisa, yenye RAM ya GB 16, SSD ndogo ya kubeba mfumo na diski mbili za TB 8 za kubeba video. Inakula kama wati 40. Kwa mwezi mzima bila kuzimwa hizo ni uniti 29 hivi, shilingi elfu kumi na ushee. Ndani yake inaendeshwa na FreeBSD toleo la 14.

Kwa asiyeijua, FreeBSD ni mfumo endeshi huria wa ukoo wa Unix, uliotokana na kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Toleo lake la kwanza lilitoka 1993. Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni aina ya Linux, kumbe ni ukoo mwingine. Tofauti ninayoiona kila siku ni kwamba kerneli (kiini cha mfumo) na zana zote za msingi zinatengenezwa na mradi mmoja na kutolewa pamoja, na maelezo yake yanaandikwa na watu haohao. Programu za kuongeza, kama Samba ya kushirikishana mafaili ofisini, Nginx ya kurusha tovuti na PostgreSQL ya hifadhidata, zinakaa peke yake chini ya /usr/local, hazichanganyiki na mfumo. Mipangilio ya kuwasha huduma ipo kwenye faili moja, /etc/rc.conf. Ukilisoma hilo unajua mashine inafanya nini. Netflix wanatumia FreeBSD kwenye seva zao za kusambaza filamu, na WhatsApp mwaka 2012 walieleza kwamba seva yao moja ilihimili miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja. Studio haihitaji nguvu hiyo, lakini inatia moyo kujua kitu ulichokichukua bure kimepimwa kwa mizigo ya namna hiyo.

Kilichonifanya nibaki nayo ni ZFS. Huu ni mfumo wa kupanga mafaili uliozaliwa Sun Microsystems na ukaingia FreeBSD toleo la 7, mwaka 2008. Diski zangu mbili ni pacha: kila kitu kinaandikwa kote kuwili. Hilo hata mifumo mingine inaweza. Tofauti ni kwamba ZFS, kila inapoandika kipande cha data, inakipigia hesabu na kuitunza hesabu hiyo. Ikisoma baadaye, inapiga tena na kulinganisha. Diski ikirudisha kitu kilichoharibika huku ikidai kila kitu ni salama, inaumbuka hapohapo.

Nimeliona hili kwa macho yangu. FreeBSD ina kazi za kila siku zinazojiendesha zenyewe, na ukiziruhusu zinakutumia ripoti ya hali ya diski kwa barua pepe, pamoja na kupitia data yote kila baada ya siku 35. Asubuhi moja ripoti ikaja tofauti. Nikaandika zpool status. Diski ya pili ilikuwa na sifuri kwenye safu ya READ na sifuri kwenye WRITE, lakini kwenye CKSUM kulikuwa na 14. Maana yake diski haikukataa kusoma wala kuandika, ila mara 14 ilichorudisha hakikuwa kile kilichowekwa. Mstari wa mwisho ulisema hakuna kosa linalojulikana kwenye data, kwa sababu ZFS ilikwishachukua vipande vizima kutoka kwa pacha wake na kuviandika upya pale vilipoharibika. Nikatumia smartctl kuangalia diski yenyewe: sehemu zake mbovu sifuri, lakini hesabu ya UDMA_CRC, yaani makosa ya data ikiwa njiani kati ya diski na kompyuta, imepanda. Tatizo lilikuwa waya wa SATA. Nikanunua mwingine wa shilingi elfu tano, nikafuta hesabu kwa zpool clear, nikaamuru ipitie data yote tena, ikarudi safi. Kwenye diski ya kabatini uharibifu ule ungekaa kimya mpaka siku mama mzazi anakuja kuomba video ya binti yake.

Umeme nao. Nimeweka UPS, yaani betri ya akiba, na programu ya NUT, inayoongea na UPS kwa waya wa USB. Betri ikikaribia kuisha inaizima seva kwa utaratibu. Lakini betri za UPS huchoka, na seva imewahi kuzimika ghafla huku kijana akihamisha mafaili kutoka kwenye kamera. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Inaandika mpya pembeni, ikikamilika ndipo inahamisha kielekezi. Umeme uliporudi ilipanda bila ule ukaguzi mrefu wa diski. Kilichopotea ni zile sekunde chache za mwisho ambazo zilikuwa bado kwenye RAM. Tukahamisha lile faili moja upya.

Snapshoti ni jambo jingine ninalolipenda mno. Kila saa mfumo unapiga picha ya hali ya mafaili, na picha hiyo haichukui nafasi mpaka kitu kibadilike. Kijana anayehariri alifuta folda nzima ya kipaimara akidhani ni nakala. Alikuja akiwa amenyong'onyea, "Kaka, naomba unisamehe." Nikaingia kwenye .zfs/snapshot, folda ipo vilevile ilivyokuwa saa nne asubuhi, nikainakili kurudi mahali pake wakati bado anaeleza ilivyotokea. Kwa studio yenye mikono zaidi ya mmoja, hili pekee linatosha kuhalalisha gharama yote.

Nextcloud, ninayotumia kuwapa wateja viungo vya kupakua, inakaa ndani ya jela. Jela ni uwezo uliokuja na FreeBSD 4.0 mwaka 2000: unagawa mashine moja kama fremu za maduka chini ya paa moja, kila mpangaji na mlango wake na kufuli lake, kerneli ni moja. Nextcloud na PHP, lugha iliyoandikiwa, wapo kwenye jela ya kwanza, PostgreSQL kwenye ya pili. Mtu akivunja Nextcloud hakuti video ghafi, kwa sababu jela ile haizioni. Ukuta wa moto, unaochuja nani aingie kwa mtandao, ni PF, uliotoka OpenBSD, mfumo wa ukoo huohuo. Kanuni zake zinasomeka, sina la kuongeza.

Kusasisha ndiko watu wanakokuogopa kwenye seva. Kabla ya kusasisha naandika bectl create kabla, na mfumo wote wa sasa unahifadhiwa ulivyo. Kuna siku nilisasisha vifurushi jioni, Samba ya toleo jipya ikagoma kuwaka, na asubuhi yake familia ilikuwa inakuja kuchagua picha za albamu. Nikaiwasha seva upya, kwenye menyu ya kuwakia nikachagua "kabla", Samba ikarudi. Familia ilikuta kila kitu kipo tayari. Tatizo lenyewe, mstari mmoja wa mipangilio uliokwisha muda wake, nililishughulikia wiki iliyofuata kwa nafasi yangu.

Sasa upande wa pili, na sitaki kuupunguza.

Mtandao ndio kikwazo kikubwa kuliko FreeBSD yenyewe. Intaneti yangu haina anwani yake ya umma. Mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kuifikia seva moja kwa moja. Imebidi nikodi seva ndogo nje ya nchi na kuunganisha kwa WireGuard, njia ya siri kati ya mashine mbili (VPN), ambayo tangu toleo la 13.2 imo ndani ya kerneli. Inafanya kazi vizuri, ila kasi ya kupakia ndiyo inayoamua yote. Filamu ya harusi ya GB 20 kwa Mbps 10 inachukua saa nne na nusu kumfikia mtu mmoja. Siku hizi natoa toleo dogo la GB 2 kwa walio nje, nusu saa limefika, na toleo kamili wanachukua ndugu wa hapa kwa mkono.

Docker, zana ya kuendesha programu zikiwa zimefungashwa na kila zinachohitaji, ndiyo pengo la pili. Programu nyingi za kisasa za kujiendeshea, Immich ya picha ikiwa mojawapo, watengenezaji wake wanazitoa wakitegemea Docker juu ya Linux. Ukizitaka kwenye FreeBSD, njia ya kawaida ni kuendesha Linux ndani ya bhyve, zana yake ya kutengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, na kwa RAM ya GB 16 iliyoshaliwa na ZFS hapo pumzi inabana. ZFS inapenda RAM. Nimeiwekea kikomo cha GB 8 ili jela zipate chao. Kama unachotaka ni hizo programu za Docker tu, kaa na Linux, hutapoteza kitu.

Vifaa vya Wi-Fi usivitegemee. Seva yangu imefungwa kwa waya na sijawahi kujaribu vinginevyo. Joto la Moshi kati ya Desemba na Machi nalo si la kudharau: weka mashine mbali na dirisha la jua, pangusa vumbi kwenye feni, angalia nyuzi za joto za diski kwa smartctl.

Na kuna suala la msaada. Mafundi wa kompyuta ninaowajua mjini wanafanya kazi na Windows. Mwongozo rasmi wa FreeBSD na kurasa zake za man (maelezo ya kila amri) ni mzuri kuliko mwingi niliowahi kusoma, lakini uko kwa Kiingereza, na nikisafiri hakuna wa kumpigia simu. Kwa hiyo nimemwandikia kijana wangu karatasi mbili kwa Kiswahili: kuwasha, kuzima, kusoma zpool status, na namna ya kujua diski ipi ni ipi kwa namba iliyochapwa ubavuni. Diski za video nimezifunga kwa geli, zana ya FreeBSD ya kusimba diski kwa nywila, mtu akiiba mashine haoni kitu. Gharama yake ni kwamba umeme ukikatika usiku hadi seva ikazimika, asubuhi lazima niingize nywila ndipo video zionekane. Nafanya hivyo kwa simu kupitia WireGuard nikiwa nyumbani.

Diski pacha si bakapu, wezi au moto vikiingia ofisini vinachukua zote mbili. Kila wiki natuma mabadiliko kwa zfs send kwenda diski ya tatu, kisha naipeleka kwa dada yangu anayekaa Rau. Hivi karibuni nataka kuweka mashine ndogo kwake ipokee snapshoti yenyewe. Nimeshapiga hesabu: video ghafi za harusi moja ni kama GB 200, na kwa kasi yangu hizo ni saa 44 za kupakia. Kwa hiyo usiku zitakwenda filamu zilizokamilika tu, na video ghafi zitaendelea kupanda daladala pamoja nami.