Masomo ya nyongeza ya bure Katuba: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Katuba, Lubumbashi. Ninalea watoto wangu wawili pamoja na binti wa marehemu dada yangu, ambaye ni mwanangu kama wale wengine, na ndiye ninayetaka kumzungumzia. Nawaandikia wazazi wenzangu waliosikia kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanafundisha watoto bure katika ukumbi wa kanisa mtaani kwetu, nao wanajiuliza kama kuna la maana pale.

La maana lipo, tena kubwa. Kasoro zipo pia, nitazisema.

Alipokuwa mwaka wa tano, daftari lake la hesabu lilikuwa wino mwekundu mtupu. Simlaumu mwalimu wake. Darasani watoto wanabanana wanne kwenye benchi moja. Shule za msingi za serikali zilipofanywa bure mwezi wa Septemba 2019, watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani kwa kukosa prime, ile pesa ya wazazi ya kuwalipa walimu, walirudi, na mimi nashukuru sana, kwa sababu kifungua mimba wangu alikuwa akirudishwa getini kila mwisho wa mwezi. Lakini madarasa ni yale yale. Mwenye pesa anamtafutia mtoto mwalimu wa kumrudilia masomo nyumbani jioni. Watoto wawili wa benchi moja, mmoja anaelezwa mara mbili, mwingine mara moja tu, tena kwa mbali. Mwisho wa mwaka tunaambiwa huyu ana akili na huyu hana.

Mimi nisingeweza kumweleza. Niliachia masomo mwaka wa nne, na Kifaransa changu ni cha kupokea wateja.

Siku ya kwanza nilipompeleka ukumbini, wale wanafunzi wa chuo hawakufundisha kitu. Walimkalisha kila mtoto peke yake, wakamsomesha mistari michache ya Kiswahili, kisha ya Kifaransa, wakampa hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa. Baadaye wakampeleka mwanangu kwenye kundi la watoto wa mwaka wa tatu. Nilikasirika. Mtoto wa miaka kumi na mmoja kukaa na wa miaka minane! Yule kijana aliyempima akanijibu kwa upole: “Mama, hatumrudishi darasa. Tunakwenda kumchukua pale alipobaki.” Msimamizi wao akaongeza kwamba utaratibu huu wa kupanga watoto kwa kile wanachokijua, si kwa umri, ulianza India na shirika linaloitwa Pratham, na kwamba hata jirani zetu wa Zambia wameuingiza katika shule zao za serikali.

Basi, alikuwa amebaki wapi? Kwenye kugawa. Kujumlisha na kutoa alijua, kuzidisha alijua kwa kukariri, ila kugawa hakuwa na mwanzo nako kabisa. Nilipofika nyumbani nikahesabu miaka. Kugawa kulifundishwa mwaka ule dada yangu alipolazwa, na mtoto alikosa shule karibu muhula mzima akishinda naye hospitali. Aliporudi darasa lilikuwa limeshapita, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimemruka, hata mimi niliyekuwa naye kila siku. Miaka miwili tulimwita mvivu wa hesabu. Nilimwomba msamaha usiku ule.

Niwasimulie na Jumamosi moja niliyokwenda kuketi nao. Kwenye ubao palikuwa na swali la Kifaransa: kitambaa cha mita 6 kinakatwa vipande vya trois quarts de mètre, vinatoka vipande vingapi? Mwanangu alikuwa ameinamia daftari, kalamu haitembei. Kijana akamuuliza kwa Kiswahili, “Unafahamu wanachouliza?” Akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimetoka kazini na mita yangu ya kupimia bado inaning’inia shingoni. Kijana akaniomba, “Mama, tuazime,” akailaza mezani. “Mama akikutuma ukate robo tatu ya mita, unakata wapi?” Palepale kidole chake kikatua kwenye 75. Hiyo mita ina sentimita 150, kwa hiyo akaona vipande viwili vinaingia humo. Akaanza kuihamisha mezani, mara moja, mara ya pili, ya tatu, ya nne, huku midomo inachezacheza. “Nane,” akasema. Kisha akatazama ubao na kumuuliza kijana, “Yaya,” ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, “kumbe trois quarts ndiyo robo tatu?”

Tangu ana miaka tisa anakata robo tatu dukani kwangu na hajawahi kuniharibia kitambaa cha mteja. Nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe mpaka macho yakakauka.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yao. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha zetu za taifa katika kufundisha, lakini katika madarasa ya juu mtoto anafundishwa kwa Kifaransa, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ule tuliouzoea kwa jina la TENAFEP, ni wa Kifaransa. Kwa hiyo hawa vijana hawakiachi Kifaransa. Kwanza mtoto analieleza swali kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, anatafuta jibu, kisha anaandika sentensi nzima ya jibu kwa Kifaransa na kuisoma kwa sauti. Kila siku hivyo hivyo. Wana vijitabu vya maneno ya hesabu ambavyo watoto wameviandika wenyewe: le reste, partager, la moitié, na mbele yake neno la Kiswahili: baki, kugawana, nusu. Cha mwanangu kimechakaa pembe zote na bado anatembea nacho.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote: wanafunzi wa chuo nao wana mitihani yao. Mwaka wa kwanza walipoingia kwenye session, masomo yalisimama wiki tatu bila mtu kutuambia. Watoto walikwenda, wakakuta geti lina kufuli, wakasubiri kwenye mvua mpaka giza. Wengine hawakurudi tena, na hao ndio waliokuwa wanahitaji zaidi. Tulilisema kwenye mkutano wa wazazi, wakakubali kosa. Sasa wanabandika ratiba mlangoni mapema na kupeana zamu.

Jambo la pili ni saa. Walianza na saa tisa alasiri, saa ambayo wasichana wengi mtaani kwetu wanapanga madumu kwenye bomba. Ukitazama ukumbini, wavulana wamejaa, wasichana unawahesabu kwa vidole. Mama mmoja wa sokoni ndiye aliyelisema wazi, na kundi la wasichana likasogezwa Jumamosi asubuhi. Wameongezeka, ingawa bado hawajawafikia wavulana. Hili lisiachwe.

Ukumbi ni wa giza wakati wa masika, maana umeme unakatika hovyo na taa ya betri ni moja. Wapo pia watoto wanaokuja hawajala tangu asubuhi, wanalala juu ya daftari. Wazazi kumi hivi tunapokezana kupeleka uji siku za Jumamosi. Hakuna aliyetulazimisha.

Gharama? Hakuna ada, hakuna prime, hakuna “pesa ya karatasi”. Nilinunua daftari mbili na kalamu. Mara moja kuna kijana mmoja alianza kuwaomba wazazi pesa ya usafiri kwa siri; tulipomwambia msimamizi, kijana yule hatukumwona tena.

Mwanangu aliingia na 7 juu ya 20 ya hesabu. Kwenye proklamasio, yaani kutangazwa kwa matokeo, ya mwaka wa sita alikuwa na 13, na mtihani wa taifa alipita. Hakuwa wa kwanza wala wa pili. Sasa yuko mwaka wa saba, na juzi alinishika kosa kwenye hesabu ya mteja aliyeleta yadi 6 akitaka sare za watu wanne. Mdogo wake naye ameanza, kwenye kundi la kusoma.

Wanaandikisha mwanzo wa mwaka wa shule, Jumamosi asubuhi, na nafasi zinajaa siku hiyo hiyo. Nendeni na mtoto mwenyewe, na mbebe daftari zake za mwaka uliopita hata kama zinatia aibu. Wataomba kuziona kabla ya kitu kingine.