Lenzi za kupigia picha michezo ya ndani: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Mara yangu ya kwanza kuingia ukumbini kupiga picha za mpira wa kikapu nilikuwa na lenzi mbili: ile ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera, na ya 55-250 niliyokuwa najivunia kwa sababu ilivuta mpaka goli la upande wa pili. Kwa macho, ukumbi ulikuwa unawaka taa kila kona. Kamera haikuona hivyo. Nilirudi na picha zaidi ya mia nne, na katika ile niliyoiona bora kuliko zote, uso wa mchezaji ulikuwa safi lakini mkono wake ulikuwa umegeuka moshi, na mpira umerefuka kama yai.

Lenzi hazikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyenunua umbali wakati kilichokuwa kinanipungukia ni mwanga. Wengi wanaotafuta lenzi ya michezo ya ndani huuliza kwanza inavuta mpaka ngapi. Ulizia kwanza namba ya f; milimita, yaani lenzi inavuta kiasi gani, zitafuata.

Hesabu ya mwanga

Namba ya f inaeleza tundu la lenzi linafunguka kiasi gani, na inakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukitoka f/5.6 kwenda f/4, mwanga unaongezeka maradufu. Ukitoka f/4 kwenda f/2.8, maradufu tena. Maana yake f/2.8 inaingiza mwanga mara 4 ya f/5.6, na f/1.8 inakaribia mara 10.

Chukua ukumbi ambao kwa f/2.8 na ISO 6400 (ISO ni jinsi kamera inavyoukuza mwanga iliopata) unakupa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaachia mwanga uingie, ya 1/500 ya sekunde. Kumbi za namna hiyo ni nyingi. Ukiingia na lenzi ya f/5.6, una njia mbili tu: ushuke mpaka 1/125, au upandishe ISO mpaka 25600 na ukubali picha iliyojaa chembechembe. Kwa 1/125, mkono unaokwenda mita 10 kwa sekunde unasogea sentimita 8 shata ikiwa wazi. Ule moshi wangu ulitokea hapo. Kwa 1/1000 mkono huohuo unasogea sentimita 1. Mimi sishuki chini ya 1/500 kwa mchezo wowote wa ndani, na kwa mpira wa wavu au wa vinyoya nataka 1/1000, kasi ambayo hata f/2.8 inaanza kuhema.

Utaambiwa lenzi fulani ina kizuia mtikisiko. Ni kweli, lakini kinachozuiwa ni mtikisiko wa mkono wako wewe. Mchezaji ataendelea kuruka vilevile. Na flashi usiiwekee matumaini, maana mashindano mengi hayairuhusu.

Pima kiti chako

Nina kanuni ya mezani inayonisaidia kuliko jedwali lolote. Kwa kamera yenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kubwa, ile ya fremu kamili, ukiisimamisha wima, zidisha umbali wa mchezaji kwa 10. Akiwa mita 8.5, unahitaji milimita 85. Akiwa mita 20, milimita 200. Hapo fremu inabeba kimo cha kama mita 3.6, yaani mchezaji aliyeruka mikono juu, pamoja na mpira. Kwa kamera yenye sensa ndogo, aina ya APS-C, zidisha kwa 6.5 badala ya 10.

Sasa kaa chini ya goli la kikapu, nyuma ya mstari wa mwisho. Mstari wa mtupo huru uko mita 5.8 kutoka mstari huo. Kilele cha mstari wa pointi tatu kiko kama mita 8.3. Mstari wa kati uko mita 14. Picha nyingi zenye uso na jasho zinatokea ndani ya hizo mita 8 za mwanzo. Upande wa pili uko mita 20 na zaidi, na ukiniuliza, achana nao. Subiri, wachezaji watakuja.

Ukiwa huna ruhusa ya kukaa karibu, ukabaki jukwaani mstari wa kumi, hesabu inabadilika kabisa, na mpangilio wangu hapa chini utaupindua kidogo. Nitasema wapi.

1. 85mm f/1.8

Kama ningenunua moja tu, ni hii. Karibu kila kampuni ya kamera inayo ya kwake, huwa nyepesi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya zumu (lenzi za kuvuta na kurudisha) kubwa za f/2.8. Canon EF 85mm f/1.8 USM imekuwa sokoni tangu 1992 na ina gramu 425. Bado naiona mikononi mwa watu wanaolipwa kwa kazi hii. Nikon AF-S 85mm f/1.8G ni ya 2012, Sony FE 85mm f/1.8 ni ya 2017. Yoyote kati ya hizi itakufaa.

Kwenye ule ukumbi wetu wa mfano, f/1.8 inakuruhusu ubaki 1/500 na ushushe ISO mpaka kama 2500, au ubaki ISO 6400 na upande mpaka 1/1250. Tofauti hiyo utaiona kwenye ngozi ya uso wa mchezaji kabla hujakuza picha.

Ina gharama yake. Kwa f/1.8, mchezaji akiwa mita 5, eneo lililo kwenye fokasi, yaani linalotoka kali, lina kina cha sentimita 37 hivi. Fokasi ikikamata mpira ulionyooshwa mbele, macho yanaweza kuwa nje. Akiwa mita 8 unapata karibu mita nzima, na hapo mambo yanatulia. Ndiyo maana mchezaji akinisogelea sana naacha kumfuata, nageukia aliye mbali kidogo.

Usipande daraja kwenda 85mm f/1.2 kwa kudhani ukubwa wa tundu peke yake unatosha. Canon EF 85mm f/1.2L, kwa mfano, inatoa picha za harusi za kuvutia, lakini vioo vyake ni vizito na fokasi yake inajivuta. Mchezaji ameshafunga na ameshageuka, lenzi bado inamtafuta.

2. 70-200mm f/2.8

Wengi wangeiweka ya kwanza, na ukikaa jukwaani nami nakubali iwe ya kwanza. Hakuna lenzi nyingine inayokupa kiti kimoja na picha za namna nyingi kiasi hiki: mlinzi wa mbali kwa 200, kocha anayefoka kwa 135, watu wanaogombea mpira kwa 70. Fokasi za hizi lenzi zimetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyokimbia, na inaonekana.

Nimeishusha kwa sababu mbili. Kwanza mwanga: f/1.8 inaingiza zaidi ya mara mbili ya f/2.8, na ukumbi ukiwa na taa hafifu, hiyo ndiyo picha unayoipata au unayoikosa. Pili uzito. Canon EF 70-200 f/2.8L IS II ina gramu 1490, na robo ya nne utaisikia begani. Za kizazi kipya zimepungua: Canon RF ya f/2.8L ina gramu 1070, Sony GM II ya 2021 ina 1045. Tamron 70-180mm f/2.8 ya kwanza, ya 2020 kwa kamera za Sony, ina gramu 810 kwa sababu waliacha kizuia mtikisiko, na kama tulivyoona, ukumbini hutakililia.

Toleo la f/4 la zumu hizi linashawishi kwa bei na wepesi. Mchana nje ni lenzi tamu. Ndani inakupa nusu ya mwanga wa f/2.8, na tayari tulikuwa hatuna wa kugawa.

3. 135mm f/1.8 au f/2

Hii ni ya mtu anayejua anachotaka. Mtu wa kikapu anayekaa pembeni badala ya chini ya goli, au mtu wa wavu anayetaka nyuso juu ya wavu kutoka upande wa pili wa uwanja wenye urefu wa mita 18. Sigma 135mm f/1.8 Art ilitoka 2017, Sony ya GM ikafuata 2019. Ya zamani ya Canon, EF 135mm f/2L ya 1996, ina gramu 750, na ukiipata iliyotumika ikiwa safi, usiilaze dukani. Nyuma ya mchezaji kila kitu kinayeyuka: viti vitupu, mabango, mtu anayekula. Kumbi nyingi zina mandhari mabaya, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Ila ni urefu mmoja, na ni mrefu. Mchezo ukikujia, umebaki na kifua na nusu ya shingo.

4. 50mm f/1.8

Kwa kamera yenye sensa ndogo hii inapanda mpaka nafasi ya kwanza, maana huko inaona kama 75 au 80. Ndiyo lenzi ya bei ya chini kuliko zote nilizotaja, na Canon EF 50mm f/1.8 STM ya 2015 ina gramu 160, unaisahau mfukoni. Fokasi yake si ya mbio. Kwenye mchezo wa kasi itakosea mara nyingi kuliko 85. Lakini picha 30 nzuri kati ya 200 ni bora kuliko kurudi na moshi kama mimi.

Mwenye sensa ndogo na misuli ya kutosha aitazame pia Sigma 50-100mm f/1.8 Art ya 2016. Zumu yenye f/1.8 mwanzo mpaka mwisho ni kitu adimu. Inakaribia kilo moja na nusu.

5. 24-70mm f/2.8

Nzuri kwenye kamera ya pili, kwa kuchukua mchezaji anayetua miguuni pako, kushangilia, na benchi. Kama lenzi pekee, itakuchosha: kila mara utajikuta kwenye 70 ukitamani zaidi. Tamron 35-150mm f/2-2.8 inaziba pengo hilo kwa sehemu kubwa, na kama kamera yako inaipokea, ningeifikiria kabla ya 24-70.

Za kukodi na za kuacha

Zipo 200mm f/2, 400mm f/2.8, na zumu kama Canon RF 100-300mm f/2.8L ya 2023. Ni lenzi za ajabu. Ukipata kazi ya siku moja inayozihitaji, kodi, rudisha, lala usingizi.

Za kuacha, kwa kazi hii: 70-300 za f/4-5.6, 18-200 na ndugu zake zote. Namba mbili za f zilizoandikwa kwenye lenzi zina maana tundu linajibana unapovuta, kwa hiyo unapohitaji mwanga zaidi ndipo inapokunyima. Vikuza-lenzi navyo, vile vinavyowekwa kati ya kamera na lenzi ili ivute zaidi: cha 1.4 kinakula nusu ya mwanga, cha 2 kinakubakishia robo. Umenunua f/2.8 kwa pesa nyingi, kisha unaigeuza f/5.6 kwa mkono wako.

Kabla hujatoa pesa

Jambo moja halitibiwi na lenzi yoyote. Taa nyingi za ukumbi zinapepesa mara 100 au 120 kwa sekunde kutegemea umeme wa mahali hapo, na kwa shata ya kasi picha moja inatoka angavu, inayofuata ya njano au yenye giza nusu. Nimewahi kuona watu wakiilaumu lenzi mpya kwa hili. Tafuta kwenye menyu ya kamera kizuia upepesaji ukiwashe.

Ukinunua iliyotumika, beba tochi, hata ya simu. Imulike lenzi kutoka nyuma na uangalie mbele kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba zinazojitawanya kama utando wa buibui ni kuvu, rudisha kwa adabu. Angalia na majani ya chuma yanayofungua tundu: yakiwa yanang'aa mafuta, yatakuja kugoma. Wenye Nikon ndogo za D3000 na D5000 wawe macho zaidi, kwa sababu kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani, na lenzi za zamani za aina ya D, kama AF 85mm f/1.8D au AF 80-200mm f/2.8D, zitakaa juu yake bila kujifokasi.

Mwisho, ivalishe kwenye kamera yako palepale, fungua tundu lote, mwombe mtu atembee haraka kuja kwako, na piga mfululizo picha 20. Kuza kila moja mpaka uone kope. Zikiwa kali 14 au 15, toa pesa. Zikiwa 5, jaribu tena mara moja, kisha uage.