TAHADHARI: Zile "GPS za vifaa vya saiti" za Kariakoo, msinunue

Mafundi na makontrakta wenzangu, nimepigwa. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jenereta na vaibreta, ile mashine ya kushindilia zege, vimeondoka saiti yangu ya Mapinga usiku. Mlinzi hakusikia kitu, na walinzi mnawajua. Nikasema haina shida, mashine zote nimezifunga GPS. Nikatoa simu mbele ya mama mwenye nyumba, kwa mbwembwe kabisa: "Tulia mama, huyu tunamfuata sasa hivi." Ramani ikafunguka, inaonyesha jenereta ipo stoo. Na sisi tumesimama humo humo stoo, jenereta haimo! Chini imeandika ilionekana mara ya mwisho jana jioni, saa ile ile niliyofunga kazi mimi. Mama akanitazama tu, akaenda kukaa kwenye gari lake.

Na kabla hujaja kuniuliza "ulinunuaje kitu kama hicho", sikiliza. Aliyeniuzia si muuzaji wa Instagram. Ana duka, ghorofani, risiti halali ya mashine (EFD) anatoa, na kamera za getini kwangu nilinunua kwake, mpaka leo zinafanya kazi. Ananiita injinia, ananiagizia maji baridi. Akachukua kidude kimoja cheupe, cha duara, akakiunganisha na iPhone yangu, akampa kijana wake: "Nenda nacho mpaka Msimbazi." Tukakaa tunapiga stori za bei ya nondo. Baadaye ananiambia cheki sasa. Nacheki, kidoti kipo Msimbazi kweli! Tukasubiri tena, kikahamia Mkunguni. Kijana anarudi anahema, shati limelowa jasho. Wewe usingetoa hela? Akamalizia: "Hii ni setilaiti, injinia. Haina laini, haina bando, hata porini unaiona." Nikalipa 80,000 kwa kila kimoja, mashine zote.

Uongo upo hapo kwenye setilaiti. Kijana mmoja anayefunga traka za bodaboda alikifungua mbele yangu, ndani hamna GPS kabisa. Kinatoa Bluetooth tu, na iPhone ya mtu yeyote inayopita jirani ndiyo inayopeleka habari kwamba kipo hapa. Kariakoo iPhone zimejaa, lazima kitembee! Mapinga mlinzi ana kitochi, mafundi wana Android, mwenye iPhone ni mimi peke yangu. Nikiondoka, kinabaki kipofu. Tena siku hizi hata simu nyingi za Android zinamshtua mwenye simu kwamba kuna kidude kinatembea naye, kwa hiyo mwizi anaweza kuambiwa kabla yako.

Nilirudi dukani. Injinia imekufa, sasa naitwa "bro". "Bro, si ulijaribu mwenyewe ukaona?" Yule kijana aliyetoka jasho anapanga maboksi, macho chini. Hela harudishi, anasema bidhaa ni nzima.

Kwa hiyo ukiambiwa GPS isiyo na laini, kimbia. Setilaiti inakisaidia kifaa kujua kilipo, ila kukuletea wewe habari hiyo kwa kawaida kinapitia mtandao wa simu, na hapo unalipia; hata vile vinavyotuma kwa setilaiti, huduma yake unailipia. Betri nayo itazame, ile bapa ndogo haiwezi kubeba kazi hiyo.

Maana leo ninachotaka ni yule mtu afungiwe duka. Faini haitoshi, ataipata kwa kuuza vidude vichache tu. Anyang'anywe leseni, mzigo wote ubebwe, na alipe jenereta yangu, maana bila maneno yake ningeifunga mnyororo kama zamani na mlinzi ningemuongeza mwenzake. Watu wanaoiba usiku wanajulikana ni wezi. Huyu anakaa kwenye kiyoyozi anawafungulia mlango, halafu anakupa na risiti!

Najua humu wapo wengine aliowauzia, kuna mtu alinionyesha kidude kile kile kwenye kompakta yake, mashine ya kushindilia udongo, kule Goba. Jumatatu naenda FCC, Tume ya Ushindani, na risiti yangu. Mwenye yake anitafute inboksi twende pamoja, nikienda peke yangu ataniita "bro" hata mbele yao.